Kasi ya Damu Kichwani: Kipimo Kinachomkinga Mtoto na Kiharusi

  

Leo tunamwangalia mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita siko seli. Maumivu ya mifupa na upungufu wa damu unavijua. Lakini kuna hatari nyingine isiyopiga hodi, nayo ni kiharusi. Ndiyo, hata mtoto wa miaka mitano hupatwa na kiharusi. Kabla kinga haijajulikana, karibu mtoto 1 kati ya 10 wenye aina ya SS alipatwa nacho kabla ya kutimiza miaka 20.

Je, tunaweza kujua mapema ni mtoto yupi yumo hatarini? Tunaweza, na historia ya kipimo hicho ni ndefu.

Hebu fikiria umesimama kando ya barabara. Matatu inakuja ikipiga honi. Ikikukaribia, mlio ni wa juu. Ikishakupita, mlio unashuka na kuwa mzito. Honi ni ile ile. Ni mwendo wa gari unaobadilisha mlio unaokufikia. Mwaka 1842, mjini Prague, msomi wa Austria aitwaye Christian Doppler alieleza jambo hili alipokuwa akizungumzia mwanga wa nyota. Mwaka 1845, Buys Ballot wa Uholanzi alilijaribu kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye garimoshi, huku wanamuziki wengine wakisikiliza kando ya reli. Ikaonekana ni kweli.

Zaidi ya miaka 100 ilipita. Katika miaka ya 1950, huko Osaka, Japani, Shigeo Satomura na wenzake walielekeza kwenye moyo na mishipa ya damu mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mwangwi uliorudi ulikuwa umebadilika, kama honi ya ile matatu. Kutokana na badiliko hilo, mwendo wa damu ukaweza kupimwa bila kuchanja ngozi.

Lakini ubongo umefunikwa na fuvu, na mfupa huzuia sauti. Mwaka 1982, mjini Bern, Uswisi, Rune Aaslid na wenzake walipata mlango. Kwenye panja, hapo kati ya jicho na sikio, mfupa ni mwembamba. Mawimbi yakapita, na kasi ya damu ndani ya ubongo ikapimwa.

Kasi hiyo inatuambia nini? Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji hutoka kwa nguvu zaidi. Vivyo hivyo, mshipa ukiwa mwembamba damu hupita mbio. Daktari Robert Adams wa Augusta, Marekani, aliwafuatilia watoto 190 wenye selimundu. Katika matokeo ya mwaka 1992, watoto 7 walikuwa wamepata kiharusi, na 6 kati yao kipimo kilikuwa kimekwisha kuonyesha kasi kubwa mno.

Kisha ukafanywa utafiti wa watoto 130 waliokuwa na kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi. Nusu hivi waliongezewa damu mara kwa mara, wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: wasioongezewa damu, 11 walipata kiharusi, walioongezewa, mmoja tu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake ili wote wapewe nafasi ya kinga hiyo.

Baadaye dawa ya haidroksiurea ikaonekana kusaidia pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambao Kilifi yetu ilishiriki pamoja na Uganda, Kongo na Angola, ulionyesha kuwa watoto wa Afrika wanaweza kuitumia kwa usalama wakiwa chini ya uangalizi wa daktari. Maumivu yalipungua, na vifo pia.

Siku hizi zipo mashine zinazochukua picha ya mshipa kwa pande zote tatu. Husaidia kwa sababu sauti ikiingia kwa mshazari, kasi huonekana ndogo kuliko ilivyo.

Sasa mama, ufanye nini? Mtoto wako mwenye SS akitimiza miaka 2, uliza kliniki kuhusu kipimo cha kasi ya damu kichwani. Hurudiwa kila mwaka hadi miaka 16. Hakipatikani katika kila hospitali, kwa hiyo omba uelekezwe panapopatikana. Hakuna sindano wala maumivu. Mtoto hupakwa jeli tu kwenye panja. Awe macho na ametulia, kwani kulia au kulala hubadilisha kasi. Ikiwa ana homa au ameongezewa damu karibuni, mwambie mhudumu.

Na ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, mtoto ameshindwa kuongea ghafla au ana degedege, usisubiri kukuche na usiseme amerogwa. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mweleze na jirani yako. Hadi tutakapokutana tena, kwaheri.