Maili za ndege: namna ya kupata faida yake

Wafanyabiashara wengi wa mashariki mwa Congo wanaoenda kutafuta mali Dubai ao Guangzhou wanapitia Addis-Abeba, na ndege za Ethiopian Airlines. Safari hizo zinaweza kuwaingizia maili katika ShebaMiles, programu ya kampuni hiyo. Kujiandikisha ni bure, lakini asiye na namba hapati kitu.

Ethiopian iko ndani ya Star Alliance tangu Desemba 2011. Kwa hiyo hata mtu akipanda Brussels Airlines ao Turkish Airlines, maili zinaweza kuingia kwenye namba ileile. Wakati wa kununua tiketi kwa ajanse, msafiri aombe namba yake iandikwe, na jina lifanane na la pasporti. Kadi ya kuingilia ndege isitupwe: maili zisipoingia, hiyo njo ushahidi.

Mbele ya kuzitumia, piga hesabu. Tuseme tiketi ni dola 500, ao maili 25.000 pamoja na takse ya dola 150, ambayo inalipwa kwa makuta. Maili zimeokoa dola 350: senti 1,4 kwa kila moja. Tiketi hiyo ikishuka mpaka dola 300, zinaokoa 150 tu, senti 0,6. Hapo afazali kulipa makuta yote na kuchunga maili.

Lakini zisichungwe milele. Maili zina tarehe ya kufa, na kampuni inaweza kupandisha bei yake.