Habari za Plutoni na Daftari Lake

Katika nchi yetu ya Rufiji kazi ya kuhesabu mali si ngeni. Tangu zamani boriti za mikoko zilikatwa katika delta, zikapakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni, nazo zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Siku hizi, huku Dimani na Kibiti yote, wakulima hupeleka korosho ghalani, zikapimwa, wakapewa stakabadhi. Kila aliyewahi kusimama penye mizani ajua mambo mawili. La kwanza, daftari na ghala ni mashahidi wawili, wala hawasemi sawasawa sikuzote. La pili, upungufu si lazima uwe wizi, kwa maana korosho zikikaa hunyauka, na gunia likitoboka humwaga.

Leo twataka kueleza habari za mali nyingine, ambayo huhesabiwa kwa uangalifu kupita karibu mali zote za dunia, nayo ni plutoni. Huenda msomaji akauliza, Sisi na plutoni tuna nini? Twajibu kwamba plutoni hufanywa kwa urani, na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa kwanza katika kazi hiyo ilichimbwa Afrika, katika nchi ya watu wanaosema Kiswahili. Tena iko urani penye vyanzo vya mto wetu wenyewe. Basi yatupasa kuzijua habari hizi.

Plutoni ni madini yaliyotambuliwa na wataalamu wa Marekani, Glenn Seaborg na wenzake, mwaka 1941. Haichimbwi ardhini kama dhahabu. Urani huwekwa katika kinu cha atomi, na humo sehemu yake ndogo hugeuka kuwa plutoni. Kisha urani hiyo iliyotumika huyeyushwa kwa asidi kali, na plutoni ikatengwa. Ni nzito mno, nayo hutoa joto daima bila moto. Mavumbi yake yakiingia mapafuni hukaa mwilini miaka mingi na yaweza kuleta saratani. Kwa hiyo wafanya kazi hawaishiki kwa mikono mitupu, bali huitengeneza ndani ya masanduku yenye vioo, wakiingiza mikono katika glavu ndefu zilizofungwa kwenye tundu za sanduku.

Wazee wetu walipima kwa frasila, ambayo ni kilo 16 hivi. Bomu lililoangushwa juu ya mji wa Nagasaki, Japani, tarehe 9 Agosti 1945, lilikuwa na kilo 6 hivi za plutoni. Kiasi hicho hakifiki nusu ya frasila, na ukubwa wake haukupita chungwa kubwa. Lakini kiliua makumi ya maelfu ya watu. Hapo ndipo ilipo sababu ya daftari kali. Mali ambayo pungufu ya nusu frasila yaweza kuangamiza mji haiwezi kuachwa kwa karani mvivu.

Na urani yake ilitoka wapi? Mwaka 1915 Robert Sharp, Mwingereza, aliiona urani mahali paitwapo Shinkolobwe, katika Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ilichimba hapo kwa ajili ya kupata radiamu, iliyokuwa na bei kubwa kwa kazi za hospitali. Urani yenyewe haikuthaminiwa sana. Mwaka 1940, vita vilipokwisha kuanza, mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, yakawekwa ghalani katika kisiwa cha Staten Island. Yakakaa huko, hata Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipokuja kuyanunua. Mgodi uliokuwa umefungwa ukafunguliwa tena, na mawe mengine yakapelekwa kwa treni na meli. Huko Hanford, kando ya mto Columbia, Wamarekani walijenga vinu vikubwa, na tangu mwaka 1944 urani ikageuzwa plutoni.

Tuangalie jambo moja hapa. Urani ya Shinkolobwe ilipimwa, ikaandikwa, ikafungwa katika mapipa, ikalindwa. Wachimbaji Waafrika waliyachagua mawe hayo kwa mikono, wala siri ya kazi ile hawakuambiwa. Vitabu vingi vya historia ya bomu vyataja majina ya wataalamu, majemadari na wenye kampuni, wala havitaji wale walioyatoa mawe ardhini.

Sasa tueleze jinsi plutoni ihesabiwavyo kiwandani. Kiwanda hugawanywa katika sehemu, na kila sehemu ina daftari lake, kama vile kila ghala lilivyo na mtunzaji wake. Tuseme, kwa mfano tu, siku ya kufungua hesabu zilikuwamo kilo 200. Zikaingia 60, zikatoka 50. Basi neno la daftari ni kilo 210. Kisha kazi husimamishwa, mitambo husafishwa, na kila kitu hupimwa upya: vipande vya madini, unga, maji ya asidi katika matangi, hata vitambaa vya kufutia. Tuseme ikaonekana kilo 207. Hilo ndilo neno la ghala. Tofauti ni kilo 3, nayo huitwa mali isiyo na maelezo. Tofauti hiyo haifutwi, bali huandikwa, na kazi ya mhesabu ni kuitafutia sababu.

Sababu zaweza kuwa nyingi. Yaweza kuwa plutoni imeganda katika mabomba na masanduku. Yaweza kuwa imetoka pamoja na taka bila kupimwa vema. Tena iko namna ya plutoni ambayo hupungua yenyewe, nusu yake ikageuka kitu kingine katika miaka 14 hivi; huo ndio unyaufu wake, na mhesabu mwema huuandika kama vile karani wa korosho aandikavyo unyaufu wa ghala. Yaweza kuwa mizani imekosa. Na mwisho, yaweza kuwa imeibwa.

Ugumu upo katika mizani. Plutoni iliyomo ndani ya chombo kilichofungwa hupimwa mara nyingi kwa joto itoalo, au kwa mionzi yake, wala hakuna kipimo kisichokosa hata kidogo. Kiwanda kinachopitisha kilo 8,000 kwa mwaka, kikikosa sehemu moja tu katika mia, kina shaka ya kilo 80. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lililoanzishwa mwaka 1957, limeweka kilo 8 kuwa kiasi ambacho kikipotea yapasa kudhaniwa kwamba chaweza kufanya bomu. Basi katika kiwanda kikubwa kosa la mizani peke yake laweza kupita kiasi cha mabomu kadhaa bila mtu yeyote kuwa mwizi. Na mwizi naye aweza kujificha ndani ya kosa hilo. Ndiyo sababu daftari haliachwi peke yake. Huongezwa lakiri juu ya vyombo, kamera, milango yenye kutambua mionzi, na desturi ya kwamba mtu mmoja asiingie ghalani bila mwenzake.

Historia yatuonyesha mambo yaliyotokea. Kiwanda cha Rocky Flats, karibu na mji wa Denver, Marekani, kilianza kutengeneza vipande vya plutoni vya mabomu mwaka 1952. Kiliungua moto mkubwa mara mbili, mwaka 1957 na mwaka 1969, na kazi yake ikasimamishwa mwaka 1989. Walipochunguza njia za hewa za majengo yake walikuta humo kilo 28 hivi za plutoni, zilizokuwa zimejikusanya kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mwaka 1996 serikali ya Marekani ilitoa kitabu cha hesabu ya miaka hamsini, nacho kikasema kwamba katika tani 111 zilizopatikana tangu mwanzo, tofauti kati ya daftari na ghala kwa viwanda vyote ilikuwa tani 2.8. Kwa kipimo cha wazee wetu ni frasila 175. Serikali haikusema kwamba ziliibwa. Ilitaja makosa ya vipimo, mabaki ya mabombani na taka. Lakini watu walipaswa kungoja nusu karne kuambiwa hesabu hiyo.

Katika Japani, nchi iliyoonja bomu lenyewe, kiwanda cha Tokai kilionekana mwaka 2003 kuwa na upungufu wa kilo 206, uliokusanyika katika miaka 25 ya kazi. Hesabu ikarudiwa, ikaonekana kwamba nyingi zilikuwa zimetoka na taka, nyingine zimepungua zenyewe, na upungufu uliobaki ukawa kilo 59.

Habari ya tatu ndiyo yenye mafundisho zaidi. Huko Sellafield, Uingereza, katika kiwanda cha THORP, bomba lilivunjika ndani ya chumba ambacho mtu haingii kwa sababu ya mionzi. Maji ya asidi yenye urani na plutoni yakamwagika miezi mingi bila kujulikana, hata yakafika meta za ujazo 83, na ndani yake mlikuwa na kilo 160 hivi za plutoni, yaani frasila kumi kamili. Wenye mtambo waliamini kwamba kiwanda chao ni kipya na hakiwezi kuvuja. Vipimo vilipoonya, onyo halikusikilizwa. Waliopiga mbiu ni wahesabu, walipoona kwamba mali iliyoingia na mali iliyofika haiwiani. Kamera ikaingizwa Aprili 2005, na ziwa la asidi likaonekana sakafuni. Kwa bahati njema chumba kile kilikuwa kimewekewa sakafu ya chuma, wala hakuna aliyedhurika. Maji yakarudishwa katika matangi, na kampuni ikatozwa faini ya pauni 500,000 mwaka 2006. Twaona, basi, kwamba karani aliye mbali, mwenye kalamu na tarakimu tu, aliweza kuona ambalo wenye kuulinda mtambo hawakuliona. Lakini daftari lilikuwa limesema kwa muda kabla ya watu kulisikiliza.

Afrika nayo ina habari yake. Padre Luc Gillon, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa, alipata kinu kidogo cha atomi kwa ajili ya masomo, nacho kikaanza kazi mwaka 1959, cha kwanza katika Afrika yote. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za urani za kinu hicho zilipotea. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa watu wa magendo. Ya pili haikupatikana. Fimbo moja haitoshi kufanya bomu. Lakini ghala lisilokaguliwa mara kwa mara hutambua upotevu wakati mwizi amekwisha kuvuka bahari.

Sasa turudi kwetu. Katika wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, kando ya Mto Mkuju, pana urani nyingi ardhini. Maji ya upande ule huteremkia Mto Luwegu. Luwegu hukutana na Kilombero, na hapo ndipo Rufiji hupata jina lake, ikashuka mpaka mashamba yetu ya mpunga na mikoko ya delta. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali kipande cha kilometa za mraba 200 hivi kitolewe katika Pori la Selous kwa ajili ya mgodi huo. Leseni ikatolewa mwaka 2013, na Julai 2025 mtambo wa majaribio ukazinduliwa.

Hatusemi hayo ili kutia watu hofu. Mgodi haufanyi plutoni; hutoa unga wa manjano wa urani, nao haufai kwa bomu kama ulivyo. Nchi yetu ina sheria ya nguvu za atomiki ya mwaka 2003 na Tume ya kuisimamia, na tangu mwaka 2005 mapatano ya ukaguzi na Shirika la Kimataifa yana nguvu. Ila yafaa kujua kwamba hesabu kali ya kimataifa tuliyoieleza huanza mbele, urani ikisha kusafishwa iwe kuni za kinu. Kwa unga wa manjano hutakiwa hasa taarifa ya kiasi kichimbwacho na kipelekwacho nje. Na sehemu kubwa ya mionzi ya mawe hayapelekwi nje pamoja na unga. Hubaki katika tope la mabaki, pale pale mgodini, kwa miaka isiyohesabika. Basi daftari la tope na la maji ni letu wenyewe kulidai.

Kwa hiyo, wazee wa vijiji, walimu, na ninyi mnaochaguliwa katika halmashauri, habari za mgodi zikiletwa mbele yenu, ulizeni kama aulizavyo mwenye korosho penye mizani. Mawe mangapi yametoka, na unga kiasi gani umepelekwa? Tope lililobaki ni kiasi gani, na limewekwa wapi? Maji ya mto yamepimwa na nani, mara ngapi kwa mwaka, na kabla ya mgodi kuanza yalikuwaje? Swali hili la mwisho lisingoje, kwa maana hesabu isiyo na siku ya kufungua haiwezi kufungwa. Maji ya Rufiji yakipimwa leo na kuandikwa, watoto wetu watakuwa na neno la kulinganisha. Yasipopimwa, hawatakuwa na ushahidi hata wakiona kasoro kwa macho yao.