Farasi wa Karen Alianzia Kariokor

Wiki hizi watu kadhaa wameniuliza kwa DM swali moja: ile farasi ya kauboi ya TikTok, hatamu zimelegea, inatembea pole pole kama imetoka kula chapati, mtu anaeza nunua wapi Nairobi? Wamarekani wana mashindano ya mwendo huo, na anayeshinda ni farasi aliyetulia, si mwenye mbio.

Jibu langu linaanzia Kariokor, nivumilieni.

Ukipita Racecourse Road na mathree huoni farasi hata mmoja. Lakini jina la barabara halijadanganya. Mbio za farasi za Nairobi zilianzia upande huo wa Kariokor mwaka 1904, mji wenyewe ukiwa na miaka mitano tu. Walowezi hata mitaro hawajamaliza kuchimba na tayari wanaweka dau. Kwa hiyo tusilaumiane sana kuhusu betting.

Na kufuga farasi hapa haikuwa mchezo. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaenezwa na visubi wanaouma usiku, na farasi mgeni asiye na chanjo akiupata, mara nyingi anakufa. Punda milia hubeba virusi hivyo bila hata kukohoa. Ukijua hilo, Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika Nairobi mwaka 1900, anaanza kuonekana mjanja kuliko wote: yeye alizunguka mjini kutibu wagonjwa akiwa amepanda punda milia. Picha ipo, hizi si stori za jaba.

Mwaka 1954 mbio zikahamia Ngong Road, na ndiyo maana ukitafuta farasi leo unaelekezwa Karen na Lang'ata. Wengi wanaouzwa huko walikuwa wa mbio. Piga hesabu: farasi huanza kukimbia akiwa na miaka miwili au mitatu, anastaafu bado kijana, na anaweza kuishi hadi 25 na zaidi. Hiyo miaka yote iliyobaki lazima mtu amlishe. Basi anauzwa.

Shida ni kwamba amefunzwa kinyume cha unachotaka. Wewe unataka hatamu zilegee atembee. Yeye amezoea kuegemea lijamu, na ukivuta anadhani unamwambia aongeze. Nilijaribu mmoja Karen, nikaambiwa ni "mpole kabisa". Nilipoogopa nikavuta. Sekunde tatu baadaye nimekumbatia shingo yake, naita mamangu. Muuzaji akasema eti amefurahi tu.

Aliyeniambia ukweli ni saisi. Saisi ni mtu anayemtunza farasi, anamlisha, anamsugua, anajua mguu upi unamsumbua asubuhi kukiwa na baridi. Neno lipo kwa kamusi ya Kiswahili lakini wengi wetu hatujawahi kulitumia, na hilo linaniuma kidogo. Historia ya farasi Kenya ina jina la Beryl Markham kila mahali, aliyepata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa bado msichana. Anastahili. Lakini arap Ruta, aliyefanya naye kazi hiyo miaka mingi, tunamjua kwa sababu Beryl mwenyewe alimwandika kwa kitabu chake cha 1942. Hao wengine walioamka saa kumi usiku, nani aliwaandika?

Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na bei. Uliza kuhusu chanjo, lete daktari wako wa mifugo, si wa muuzaji. Halafu tafuta saisi, kaa naye chini, muulize farasi alikimbia miaka mingapi na anafanyaje akisikia honi.

Wangu aliniambia yule "mpole" alikimbia misimu minne. Hadi leo, Jumapili ya mbio upepo ukileta sauti ya spika kutoka Ngong Road, anasimama zizini masikio juu, anatoka jasho.

Nilimwambia muuzaji nitafikiria.