Utoto wa Boko Kabla ya Jiji

Historia ya mji aghalabu huandikwa na watu walioukuta mji umekwisha kusimama. Hao huhesabu barabara, majumba na viwanda, na huweka mwaka mbele ya kila tangazo la serikali. Kazi yao ni njema na haina budi kufanywa. Lakini pana shahidi mwingine ambaye ni nadra kuitwa barazani, naye ni yule aliyekuwa mtoto mahali hapo kabla ya hayo yote. Mtoto hakujua bei ya ardhi wala jina la gavana. Alijua kisima kipi hakikauki wakati wa kiangazi, dimbwi lipi humeza mtu, na mwembe upi ni wa nani. Maarifa haya yakitazamwa moja moja ni madogo. Yakikusanywa huwa ramani ya nchi. Boko, kaskazini ya Dar es Salaam, ni mahali panapofaa kupimia thamani ya shahidi huyo, na hasara ya kutomsikiliza.

Boko ipo katika Wilaya ya Kinondoni, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, baina ya Tegeta na Bunju. Upande wa mashariki ipo Mbweni na bahari. Upande wa kusini kipo kilima cha Wazo, na mbele yake Kunduchi. Upande wa kaskazini hupita Mto Mpiji unaotenga Dar es Salaam na Bagamoyo. Jina lenyewe, katika sikio la mjuzi wa Kiswahili, lina harufu ya maji, kwani boko ni kiboko mkubwa. Nchi hii ni ya Mrima, na wenyeji wake ni Wazaramo, waliochanganyika kwa ndoa, kwa biashara na kwa dini na watu wa bahari waliokuja kutoka kusini na kaskazini.

Mahali hapa palikuwa katikati ya miji miwili mikubwa. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka bara. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 kabla ya kuumaliza. Wajerumani nao walihamisha makao yao ya utawala kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Hivyo mambo makubwa yalipita Boko bila ya kutua mzigo. Hata hivyo isidhaniwe kuwa nchi hiyo ilikuwa pori lisilo na jana. Huko Kunduchi yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, mengi yakiwa ya karne ya 18, ambayo wajenzi wake walipachika ndani yake vyombo vya Kichina. Watoto wa Mrima walichunga mbuzi na kuokota ukwaju karibu na makaburi ya watu waliokuwa wakinunua bidhaa za ng'ambo wakati Dar es Salaam haijazaliwa.

Siku ya mtoto katika vijiji vilivyokuwa kati ya Kunduchi na Mpiji ilianzia majini na kuishia motoni. Asubuhi palikuwa na safari ya kisimani, na mtungi kichwani. Usiku palikuwa na moto wa kuni ama kibatari cha mafuta ya taa, na ngano iliyofunguliwa kwa kuitika Pakawa. Katikati ya maji na moto palikuwa na kazi, na aliyeiita kazi hiyo mchezo hakukosea sana. Mpunga ulipokaribia kuiva mabondeni, watoto walipelekwa kuamia ndege, wakakaa juu ya dungu na kupiga kelele toka mapambazuko. Mihogo ilipotiwa mizizi, walilindana zamu dhidi ya tumbili na nguruwe mwitu. Maji ya bahari yalipokupwa, hasa wakati wa bamvua, walifuata mama zao pwani. Wengine walitanda uduvi kwa nguo, wengine wakatafuta pweza katika mashimo ya mwamba, wengine wakaokota kombe penye matope ya mikoko. Mtoto wa miaka minane alijua siku za mwezi mwandamo kwa kutazama bahari kama vile mtoto wa leo ajuavyo siku za juma kwa kutazama kalenda.

Mwaka nao ulikuwa na mwendo wake. Kaskazi na kusi ziligawanya upepo. Vuli na masika ziligawanya mvua. Masika yalipofika, mabonde yalijaa na njia za kiangazi zikafa. Mashimo yaliyokuwa makavu yakawa maziwa madogo yenye vyura, kambare na mayungiyungi. Wazazi hawakuwapa watoto somo la jiografia, lakini waliwapa makatazo: hapa msivuke, pale msioge, kule kuna pepo. Mgeni angeyasikia makatazo hayo angeyacheka na kuyaita ushirikina. Mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kucheka upesi namna hiyo. Mara nyingi pepo wa dimbwi alikuwa mlinzi wa dimbwi, na hofu ya mtoto ilikuwa kumbukumbu ya watu walioona maji yakirudi kila baada ya miaka kadha wa kadha.

Pamoja na mafunzo ya kazi yalikuwapo mafunzo ya chuo na ya mila. Chuoni mtoto alikaa mkekani mbele ya mwalimu na ubao wake, akaanza kwa herufi akaendelea kwa juzuu. Wavulana walipofikia umri walitiwa jandoni. Wasichana walipovunja ungo waliwekwa ndani, wakawa wali, wakafundwa na makungwi. Mti wa mkole ulikuwa na cheo katika mafunzo hayo, na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, alipewa mwali awe mwenziwe katika upweke wake. Mambo haya hayakupotea yote bila ya kuandikwa. Katika miaka ya 1960 mtaalamu kutoka Ufini, Marja-Liisa Swantz, aliishi Bunju, jirani kabisa na Boko, akajifunza kwa wanawake wa Kizaramo wenyewe. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1970 kinashuhudia kuwa kijiji kidogo cha kando ya barabara kinaweza kubeba elimu ya kutosha jozi ya vitabu.

Wala si jambo jipya kwa utoto wa mwambao kugeuka kuwa historia. Salme binti Said, dada yake yule Majid aliyeanzisha Dar es Salaam, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Alipokuwa akiishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete alitoa mwaka 1886 kitabu cha maisha yake, ambacho kurasa zake za utoto wa jumba la Mtoni zinasomwa hata leo na kila atafutaye habari za Unguja ya wakati huo. Karibu zaidi na Boko alizaliwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mzaramo wa Dunda karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na kwa kiasi kikubwa maneno yake ndiyo yaliyojaza kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Humo zimo habari za uzazi, za michezo ya watoto, za chuo, za jando na unyago. Mwaka 1905 Mtoro alirudi na mkewe Mjerumani akitaka kushuka nchini kwake, lakini wakuu wa koloni walimkataza kushuka Dar es Salaam. Alirejea Ujerumani na kufa huko mwaka 1927. Aliyewahifadhia watu wa Mrima utoto wao hakuachiwa kukanyaga tena mchanga wake.

Yafaa kutazama tofauti ya mashahidi hao. Binti mfalme alipata wasomaji kwa sababu ya nasaba yake. Mtoro aliwapata kwa sababu ya elimu yake na kwa sababu Mzungu alihitaji kujifunza lugha. Mtoto wa Boko hakuwa na nasaba ya kifalme wala mwanafunzi wa Berlin wa kumsikiliza. Kumbukumbu yake imekaa kinywani, nayo hufa na mwenyewe.

Hata hivyo haifai kumpokea shahidi huyu bila ya kumhoji. Utu uzima hupenda kutia sukari katika chai ya zamani. Mzee akisema kwamba samaki walikuwa tele na watu wote wakipendana, msikilizaji na aulize pia juu ya homa za malaria, juu ya ndui, juu ya watoto waliozikwa kabla ya kupata majina makubwa, juu ya mwendo wa mgonjwa aliyechukuliwa kitandani mpaka palipo na dawa. Aulize ni watoto wangapi walijua kusoma barua, na ni wasichana wangapi walitolewa katika masomo kwa kuwekwa ndani. Shule, zahanati na maji ya bomba si maadui wa historia. Anayelilia zamani zote azirudishe na maradhi yake. Basi ushahidi wa utoto usitafutwe katika sifa, utafutwe katika vitu: njia ilipita wapi, maji yalisimama wapi, nani alipanda nini. Katika sifa wazee huhitilafiana. Katika vitu mara nyingi hupatana.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta mji wa Dar es Salaam una watu 128,742. Ile ya mwaka 1967 ilikuta 272,821. Mji ulitangazwa kuwa jiji mwezi Desemba 1961, siku ya pili ya uhuru. Mwaka 1966 kiwanda cha Wazo kilianza kutoa saruji, na kilima kilichoumbwa na matumbawe ya bahari ya kale kikaanza kusagwa kuwa kuta za mji. Jiwe lililokuwa chini ya miguu ya watoto wa Tegeta na Boko lilitangulia kwenda mjini, kisha mji ukalifuata nyuma. Njia ya kutoka Mwenge mpaka Tegeta iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2014 iliongeza kasi ya safari hiyo. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta mkoa mzima wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Penye mashamba ya minazi, mikorosho na miembe pakawa na viwanja, kuta na mageti.

Katika mabadiliko hayo kumbukumbu ya utoto ilikuwa hati ya mtu asiye na hati. Kwa desturi ya Mrima, mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na aliyepanda mnazi ana haki juu yake. Mtoto aliyetumwa kuangua nazi alijua kila mpaka kwa kujua kila mti. Sheria zilizokuja zilizungumza lugha nyingine. Tangazo la Wajerumani la mwaka 1895 liliita ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya utawala wao. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya Gavana. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 imeiweka mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi wote, nayo inakubali haki zilizotokana na mila. Lakini haki ya mila huhitaji mashahidi. Mnazi ukikatwa na mzee akifa, mpaka umekufa mara mbili.

Jambo zito kuliko mpaka ni maji. Mwezi Desemba 2011 mvua iliyosemwa kuwa kubwa kupita zote tangu mwaka 1954 iliipiga Dar es Salaam, ikaua watu zaidi ya 40. Mapema mwaka 2012 serikali iliwahamishia waathirika wengi wa bonde la Msimbazi huko Mabwepande, nyuma ya Boko na Bunju. Nchi iliyokuwa shamba ikawa kimbilio la mji. Lakini Boko nayo ina mabonde yake. Katika miaka ya karibuni, mvua zikizidi, nyumba za Basihaya zimesimama ndani ya maji wiki kadhaa, na wenyewe wamehama wakiacha masufuria yakielea. Walionunua viwanja hivyo walivitazama kiangazi, wakaona ardhi tambarare, safi, yenye bei nafuu. Hakuwapo wa kuwaambia kuwa tambarare ile ilikuwa na vyura wakati wa masika. Aliyeweza kuwaambia pengine alikuwa ameketi kibarazani hatua chache tu, akiwa babu wa watu, na hakuulizwa kwa sababu alichokijua alikijua alipokuwa na miaka minane.

Hapo ndipo faida ya elimu hii inapoonekana. Kukusanya kumbukumbu za utoto si anasa ya watu wenye huzuni ya zamani, bali ni sehemu ya kazi ya mwanahistoria, na mpima ardhi angepata faida kwayo kama mwanafunzi wa lugha. Mwanafunzi atakaye kuandika historia ya Boko na aanze kwa kutembea na mtu mzima aliyekulia hapo, wakati wa kiangazi na tena wakati wa masika, amwombe aonyeshe kwa kidole. Aandike jina la kila kisima, la kila mti mkubwa, la kila kijia, hata kama mahali pake leo pana ukuta. Alinganishe maneno ya mwanamume na ya mwanamke, kwa kuwa hawakutumwa mahali pamoja walipokuwa wadogo. Ayapime maneno hayo kwa picha za angani na kwa ramani za zamani, kama vile hati yoyote inavyopimwa kwa nyingine.

Watu wa mwambao husema kwao ni pale alipozikwa kitovu. Wengi waliozikwa vitovu vyao Boko kabla ya jiji wamekwisha zikwa wenyewe. Waliobaki bado wanaweza kusimama mbele ya uwanja uliomwagwa zege na kusema: hapa tulikuwa tukiteka maji. Nyumba ya nani itajengwa juu ya neno hilo, na kwa misingi ya namna gani, hutegemea kama yupo wa kuliandika.