Kabla ya Leza Kulikuwa na Rula na Beetle ya Mke wa Profesa

1972, Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Profesa anaitwa Ivan Sutherland, na darasa lake linatafuta kitu chenye umbo gumu la kuingiza kwenye kompyuta. Wakachagua Volkswagen Beetle ya mke wake. Si picha ya gari, gari lenyewe. Wanafunzi wakachora mistari juu ya bodi, wakashika rula, wakaanza kupima nukta moja moja: iko juu kiasi gani, iko upande gani. Kwa mkono, manze.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo siwezi kucheka wanafunzi wa mtu. Lakini kila nikiona video ya msee akipitisha skana ya leza juu ya bampa, na bampa inajichora kwenye laptopu kama uchawi, mimi huikumbuka hiyo Beetle. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anashika rula.

Watu hudhani hii stori ilianza na leza. Kwa maoni yangu ilianza na kunyimwa vipimo. Kampuni ikiunda gari, michoro inabaki kwake. Wewe ukitaka kutengeneza spea inayoingia kwa hilo gari, jipange. Kalifonia, mwishoni mwa miaka ya 1930, Vic Edelbrock alikuwa fundi wa gereji aliyetaka Ford yake ikimbie zaidi, akaunda manifoldi yake mwenyewe, ile iliitwa Slingshot. Watu wa aina yake walikuwa wengi: kadibodi, plasta, waya uliokunjwa kufuata kona, jaribu, kata, jaribu tena. Kufikia 1963 walikuwa na biashara kubwa hadi wakaunda chama chao, SEMA. Leo chama hicho kina mpango ambapo baadhi ya kampuni za magari huwapa wanachama michoro ya kidijitali. Yaani wale waliokuwa wakipima kwa kadibodi sasa wanaletewa faili. Ambaye si mwanachama bado anapima.

Leza yenyewe ilitokea 1960, Theodore Maiman akiwa kwa maabara ya Hughes huko Malibu. Kuigeuza kuwa kipimo ni hesabu ya pembetatu tu, ile ya Form Two uliyosema hutawahi kuitumia. Mwangaza unapiga bodi, kamera inauona kutoka pembeni, ukijua pembe na umbali kati ya hivyo viwili unajua nukta iko wapi. Shida ilikuwa mkono. Skana ikisogea, lazima kitu kijue imesogea vipi, ndiyo maana nyingi zilifungwa kwenye mkono wa chuma wenye viungo, umekaa mahali pamoja. Kuingia nayo chini ya gari? Sahau.

2005 kampuni ya Creaform ya Quebec, Kanada, ikatoa HandySCAN. Ujanja wake ni stika. Unabandika vidoti vyeupe juu ya gari, kamera zinavisoma, na skana inajua yenyewe iko wapi. Sasa unaweza kulala chini ya gari na kuizungusha utakavyo.

Hapa ndipo video zinadanganya kidogo. Leza haipendi kioo, kromu wala rangi nyeusi inayong'aa, kwa hivyo watu hupuliza poda nyeupe kwanza. Halafu unachopata si spea. Ni wingu la nukta, mamilioni yake, ambalo mtu anakaa nalo kwa kompyuta akichora upya kila ukingo na kila tundu la bolti. Na skana haina akili: bampa ikiwa imebonyea, itakuletea kibonyeo chote, safi kabisa. Jay Leno, yule mchekeshaji mwenye magari mengi, alitumia skana ya mezani na printa ya 3D kupata upya kipande cha gari la mvuke la 1907. Kipande cha zamani kilikuwa kimechakaa. Ilibidi mtu aamue kilikuwaje kikiwa kipya, na hilo mashine haikujibu.

Kuna fundi mtaani kwetu anayeunda bampa za matatu kwa faiba. Mzee hana mchoro hata mmoja. Moldi ziko nyuma ya gereji, zingine zimepasuka, na zilizobaki ziko kichwani mwake. Mwaka jana kijana fulani alikuja na skana ya kuazima akamwambia, "Mzee, wacha nikuskanie zote, bure kabisa."

Nilikuwa hapo na kamera yangu, nimefurahi kuliko hata huyo kijana. Kontenti tamu.

Mzee akafuta mikono. "Sawa. Na hiyo faili itakaa kwa nani?"

Kijana akacheka, akasema itakaa kwa laptopu yake, usijali mzee, ukiihitaji unanipigia tu.

"Mimi nimeiunda hiyo bampa miaka kumi na tisa," mzee akasema. "Nikupigie simu niiombe?"

Hawakuskani siku hiyo. Walikaa juu ya tairi kuukuu, mzee akaitisha chai na karatasi, wakaanza kuandika faili ni ya nani na ikiuzwa nani anapata ngapi. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana kuhusu asilimia.