Kisogo ni ghala la mbegu: historia fupi ya kupandikiza nywele

Leo naomba tuweke siasa kando kidogo tuzungumzie nywele. Sina maana ya rasta, misuko wala dawa ya kulainisha, hayo dada zetu wanayajua zaidi. Nazungumzia nywele zinazoondoka zenyewe bila kuaga, na watu ambao wametumia karibu miaka mia moja kutafuta namna ya kuzirudisha.

Nina sababu ya kuifuatilia habari hii. Nina miaka 27 na panja zangu zimeanza safari ya kuelekea utosini. Mwaka huu nilikwenda kumwona daktari wa upasuaji hapa Dar es Salaam. Aliniambia nywele zinaweza kupandikizwa, akanieleza njia mbili, akaniambia nikafikirie. Nikafanya kazi niliyosomea: nikaanza kuchimba. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuweke mambo sawa kuhusu nyumbani. Kwetu ni Mawengi, wilayani Ludewa, mkoa wa Njombe. Kwa baridi ya kule wazee wengi wana kofia kichwani mchana kutwa, na hakuna anayejua kama chini yake kuna nywele au hakuna. Upara wa mzee hauna tatizo, tena watu humtania kwamba ana hela. Kijana naye, tangu umeme wa maji wa LUMAMA (yaani Lupande, Madunda na Mawengi) uanze kuwasha mashine za vinyozi, akiona panja zinapanda anasema "piga zote", habari imekwisha. Sasa mimi ni nani hata nitafute kisu?

Lakini hebu tusidanganyane kwamba nywele ni jambo dogo. Mwezi Juni 2017 polisi wa jimbo la Zambezia, Msumbiji, waliwaonya wanaume wenye vipara baada ya watano kuuawa wilayani Milange. Wauaji waliamini kichwa cha mwenye upara kina dhahabu. Ule utani wetu wa "mwenye upara ana hela", huko ulikuwa umegeuka kuwa mauti, na polisi walisema viungo vilikusudiwa wateja wa Malawi na Tanzania. Mwanzoni mwa 2019 mkoa wetu wenyewe wa Njombe uliingia katika habari za dunia kwa mauaji ya watoto yaliyohusishwa na ushirikina. Mahali ambapo watu wanaamini utajiri umejificha katika mwili wa binadamu mwenzao, hakuna kiungo kinachobaki kuwa jambo dogo.

Hata serikali na vyama vimewahi kuingia vichwani mwetu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi vikapigwa vita kwa jina la utamaduni wa taifa. Yaani nywele za kununua zilihesabiwa kuwa kasumba. Kwa hiyo anayeniuliza leo "wewe Mpangwa na nywele za kupandikiza wapi na wapi?" ajue swali lake lina zaidi ya nusu karne.

Tuje kwenye chanzo. Watu wamehangaika na upara tangu zamani. Maandishi ya mafunjo ya Misri yanayojulikana kwa jina la Ebers, ya mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, yana dawa ya kupaka yenye mafuta ya simba, kiboko, mamba na nyoka. Mganga wa leo angeionea wivu! Jibu la kisayansi lilichelewa sana. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton, mtaalamu wa anatomia, alichapisha utafiti kuhusu wanaume waliohasiwa. Waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuota upara. Walipopewa homoni ya kiume, testosteroni, wenye upara katika ukoo wao walianza kupoteza nywele, na wengine hawakupoteza. Maana yake yanahitajika mambo mawili yakutane, homoni na ukoo. Leo tunajua zaidi: mwili huibadilisha testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu, na hiyo ndiyo inayodhoofisha mashina ya nywele za mbele na utosini. Za kisogoni na pembeni haziisikii sana. Ndiyo maana mzee mwenye upara hubaki na ule ukingo wa nywele kuanzia sikio hadi sikio.

Shikilia hilo la kisogo, kwa sababu historia yote iliyobaki inatokea hapo.

Mwaka 1939 daktari wa ngozi wa Japani, Shoji Okuda, alichapisha maelezo ya kazi yake. Alitumia kibomba kidogo cha chuma chenye makali, mfano wa kile cha kutobolea karatasi ofisini. Alikata viduara vya ngozi yenye nywele na kuvihamishia penye kovu, hasa kwa watu walioungua. Miaka minne baadaye Mjapani mwingine, Tamura, aliandika jinsi alivyopandikiza unywele mmoja mmoja. Kwa mbinu hiyo alikuwa amewatangulia wenzake kwa miaka mingi. Ila walikuwa wameandika kwa Kijapani, na dunia ilikuwa vitani. Kazi zao zikakaa rafuni.

Huko New York, bila kuwategemea hao, daktari Norman Orentreich alianza mwaka 1952 kuhamisha ngozi ya kisogoni kwenda mbele ya vichwa vya wanaume wenye upara wa kawaida. Wenzake hawakumwamini. Makala yake ilikuja kuchapishwa 1959. Alichogundua ni rahisi kukieleza lakini kilibadilisha kila kitu: unywele uliohamishwa hufuata tabia ya kule ulikotoka, haufuati ya kule ulikohamia. Wazee wetu wangesema mtoto wa nyoka ni nyoka. Unywele wa kisogoni, hata ukihamia katikati ya upara, unaendelea kuota.

Tatizo lilikuwa sura. Viduara vya Orentreich vilikuwa na upana wa milimita 4 hivi, kila kimoja na lundo lake la nywele. Kwa miaka zaidi ya ishirini wanaume walitoka hospitali na vichwa kama shamba la mahindi lililopandwa mistari, shina hapa, udongo mtupu, shina pale. Wengi walijuta, na upandikizaji ukapata jina baya ambalo halijafutika kabisa.

Ukombozi ulitoka kwenye darubini. Mwaka 1984 John Headington alieleza kwamba nywele za kichwani huota kwa vifungu vidogo vya asili, kimoja kina unywele mmoja hadi minne. Mwaka 1988 daktari Bobby Limmer wa San Antonio, Texas, alianza kukata ukanda wa ngozi kisogoni, kuushona mwanya, kisha kuuchambua ule ukanda chini ya darubini hadi kupata kifungu kimoja kimoja. Mwaka 1995 madaktari Bernstein na Rassman waliandika kwamba vifungu hivyo ndivyo vinavyostahili kupandikizwa, visivunjwe wala visirundikwe. Hiyo ndiyo njia ya kwanza niliyoelezwa na daktari, njia ya ukanda. Uzuri wake ni kwamba unapata vifungu vingi kwa siku moja na mashina mengi hubaki mazima. Ubaya wake ni kovu refu la mstari kisogoni.

Njia ya pili haina ukanda. Daktari anatumia kibomba chenye upana wa karibu milimita moja au chini yake, anazungusha na kuchomoa kifungu kimoja kimoja. Ray Woods wa Australia hutajwa kuwa miongoni mwa walioianzisha, na mwaka 2002 Rassman, Bernstein na wenzao waliieleza katika jarida la kitabibu. Hapa hakuna mshono, badala ya mstari mnabaki vidoa vidogo vilivyotawanyika. Lakini wenyewe walikiri kwamba si kila kichwa kinafaa. Wakapendekeza kipimo: toa vifungu vichache kwanza, vitazame, kama mashina yamekatika hovyo usiendelee.

Jambo hilo la kipimo kwa sisi Waafrika ni kubwa kuliko linavyoonekana. Unywele wetu haujajikunja juu tu. Chini ya ngozi nako shina lake limepinda, kama mundu. Kibomba kikishuka moja kwa moja kinaweza kulikata katikati, na shina lililokatwa huenda lisiote tena, si mbele wala kisogoni. Okuda alikuwa na vichwa vya Wajapani, na vyombo vingi vilivyofuata vilizaliwa Ulaya, Marekani na Asia. Ni katika miaka ya karibuni tu ndipo madaktari kama Sanusi Umar wa California walipoandika kuhusu vyombo vilivyotengenezwa kwa kuzingatia shina lililopinda. Faida yetu ni kwamba unywele wa kipilipili hufunika eneo kubwa, kwa hiyo hata vifungu vichache vinaweza kuonekana vingi.

Halafu kuna makovu. Mama yangu alitoboa sikio akiwa msichana, pale palipotobolewa pakavimba na hadi leo pana donge kama punje ya njugu. Keloidi, ndivyo hospitali wanavyoiita. Huonekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi na hufuata ukoo. Nilipomtajia daktari, aliweka kalamu chini.

"Dokta, kwa hiyo haiwezekani?" nikamuuliza.

"Sijasema hivyo, kijana wangu. Wewe una kovu lolote lililovimba?"

Nikamwonyesha la goti, la utotoni. Limelala vizuri. Akanikagua kisogo kutafuta vipele vile vigumu vinavyowatokea wanaume wengi baada ya kunyolewa chini sana, kwa sababu navyo huacha makovu kwenye sehemu ileile ya kuvuna. Akatafuta dalili za mapunye na magonjwa mengine ya ngozi ya kichwa, ambayo hutibiwa kwa dawa na si kwa kisu. Kwa mtu wa Kaskazini, huko ndiko kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, kilichoanza 1992. Kisha akaniambia maneno ambayo mtu wa Njombe hawezi kuyasahau:

"Kisogo ndilo ghala lako la mbegu. Ukizipanda zote mwaka huu, usije mwakani kuniomba nyingine."

Alikuwa na maana hii. Nywele zangu bado zinaondoka. Kwa mizani ya Hamilton, ambayo O'Tar Norwood aliirekebisha 1975 kuwa ya hatua saba, mimi niko hatua ya tatu. Nikijaza panja leo, halafu za nyuma yake zikaendelea kukimbia, nikifika miaka 40 nitakuwa na kisiwa cha nywele mbele na bahari ya upara nyuma. Ndiyo sababu madaktari makini humtaka kijana aanze na dawa. Zipo mbili zenye ushahidi. Ya kwanza ni minoksidili, ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, ikaidhinishwa Marekani kupakwa kichwani mwaka 1988. Ya pili ni finasteraidi, kidonge cha tezi dume kilichoidhinishwa kwa ajili ya upara mwaka 1997. Hii ya pili huwapunguzia baadhi ya wanaume hamu ya tendo la ndoa, kwa hiyo usiinunue dukani kwa kuelekezwa na mshkaji. Na ukiacha dawa, nywele zilizookolewa nazo huondoka.

Najua mtaniambia: mbona Wayne Rooney? Kweli, Juni 2011, akiwa na miaka 25, alitangaza mwenyewe kwamba amepandikiza nywele London. Akarudia 2013. Mnaona? Hata yeye mara moja haikutosha, na yeye pesa anayo. Wengine mtanitajia Istanbul, mji uliogeuka soko kuu la upandikizaji kwa bei nafuu. Kuna madaktari hodari kule. Lakini chama cha kimataifa cha madaktari wa upandikizaji nywele kimekuwa kikionya kuhusu zahanati ambazo mgonjwa hamwoni daktari, kazi yote inafanywa na wasaidizi wasio na leseni. Sasa shina lililopinda kama langu, nimwachie mtu ambaye huenda hajawahi kuligusa?

Uamuzi wangu ni huu. Njia ya ukanda nimeiacha. Si mbaya, tena kwa mwenye nywele ngumu za kujikunja pengine inaokoa mashina mengi zaidi. Ila mimi nanyoa chini, kovu la mstari litaonekana na kila mtu kwenye daladala, na mshono mrefu kwa mtoto wa mama mwenye keloidi ni kamari. Nimechagua kuchomoa kifungu kimoja kimoja, lakini kwa masharti: mwaka mzima wa dawa kwanza, picha kila baada ya miezi mitatu, halafu kipimo cha vifungu vichache. Mashina yakitoka mazima na vidonda vikapona bila kuvimba, tunaendelea. Yakikatika, nitamwambia kinyozi wa Mawengi "piga zote" na nitakuwa na amani, kwa sababu ghala langu litakuwa bado limejaa.

Kwa wewe unayefikiria hatua hii, muulize daktari maswali matatu kabla ya kulipa. Nani hasa atashika chombo? Amewahi kufanya vichwa vingapi vya nywele kama zangu? Na nywele nyingine zikiendelea kuondoka, mpango ni upi? Akikwepa hata moja, chukua kofia yako uondoke.