Mwalimu wa muda chuoni: haki zake na wajibu wa chuo

MWALIMU wa muda ni yule anayefundisha chuoni kwa vipindi alivyopangiwa na kulipwa kwa saa au kwa muhula, pasipo kuwamo katika orodha ya walimu wa kudumu. Katika vyuo vya ufundi na vya maendeleo ya wananchi mkoani Kagera, anaweza kuwa fundi seremala wa Kanazi, mshonaji wa Muleba au fundi umeme wa mjini Bukoba, mwenye karakana na wateja wake, aliyeombwa atenge saa kadhaa kwa wiki ili awafunze vijana kazi anayoifanya kila siku.

Jambo la kwanza analoulizwa fundi wa namna hiyo ni siku atakazokuwa na nafasi. Atalipwa lini, nani atagharamia msumari na ubao wa mazoezi, na itakuwaje muhula ukiisha, ni maswali yanayostahili jibu la maandishi kabla hajashika chaki.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa Tanzania mwaka 1975, wakati wa uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, nchi ambayo pia ilivigharamia kwa miaka mingi. Baadhi vilirithi majengo ya vituo vya mafunzo vya vijijini vilivyokuwapo kabla. Leo vyuo hivyo ni 54, navyo vipo chini ya wizara yenye dhamana ya elimu baada ya kuhamishwa kutoka wizara ya maendeleo ya jamii. Mkoani Kagera vipo Gera, katika Wilaya ya Missenyi, na Rubondo, katika Wilaya ya Biharamulo. Sambamba navyo kuna vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, pamoja na vyuo vya taasisi za dini na vya watu binafsi.

Sababu ya vyuo kuhitaji walimu wa muda si uhaba wa fedha peke yake. Idadi ya wanafunzi hubadilika: mwaka huu darasa la ushonaji hujaa, mwakani vijana wote wataka umeme wa majumbani. Chuo hakiwezi kuajiri na kupunguza walimu wa kudumu kila msimu. Aidha, ufundi una sehemu isiyokaa vizuri vitabuni. Tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016, lililobomoa maelfu ya nyumba mkoani Kagera na kuziharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, liliwakumbusha wengi thamani ya mwashi anayejua kufunga kona na kusuka nondo. Mwashi wa aina hiyo anapatikana kwenye majengo yanayoendelea kujengwa, na chuo kikimtaka sharti kimfuate huko.

Hali hii haipo Tanzania pekee. Nchini Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2014 na kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin ulikadiria kuwa walimu wa muda hufundisha takriban asilimia 58 ya madarasa ya vyuo vya jamii. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa vyuo hivyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana na mwalimu wa muda kuliko wa kudumu.

Wapo wakuu wa vyuo wanaodhani kwamba anayelipwa kwa saa si mfanyakazi, bali ni kibarua au mtoa huduma. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kama kilivyotungwa, kinaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo kigezo kimoja au zaidi kati ya vilivyotajwa kinamhusu. Miongoni mwa vigezo hivyo ni kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kupangiwa saa za kazi, kuwa sehemu ya taasisi, kupewa zana, na kufanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Kigezo hicho cha saa kinastahili hesabu. Mwalimu anayefundisha saa 12 kwa wiki hufikisha saa 48 katika wiki nne, hivyo amevuka kiwango. Lakini chuo kikifungwa mwezi mzima katikati ya miezi hiyo mitatu, wastani wake hushuka hadi saa 32. Hata hapo hajapoteza kila kitu, kwa kuwa ratiba ya vipindi hupangwa na chuo, na mashine anazotumia ni za chuo. Kigezo kimoja kinatosha.

Akishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe kwa maandishi maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo huyo, lakini miezi hiyo huhesabiwa iwe ni chini ya mkataba mmoja au zaidi. Mikataba ya muhula mmoja mmoja, basi, si mlango wa kukwepea. Suala la michango ya hifadhi ya jamii nalo ni vyema lizungumzwe tangu siku ya kwanza.

Malipo, hata hivyo, hayamalizi jambo. Saa moja darasani ina saa nyingine nyuma yake: kuandaa somo, kunoa randa, kusahihisha kazi. Chuo kinacholipa kipindi peke yake hupata kipindi kisichoandaliwa, na anayeumia ni mwanafunzi. Fundi hodari pia si lazima awe mwalimu hodari. Anahitaji kuoneshwa mtaala, azimio la kazi na namna ya kupima mwanafunzi, ikiwezekana kwa kukaa wiki mbili na mwalimu mzoefu. Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, kipo Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi cha Morogoro.

Anahitaji pia kuwajua anaowafundisha. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, vyuo vya maendeleo ya wananchi vimepokea wasichana waliokatishwa masomo, wakiwemo kina mama wenye watoto wachanga. Mwalimu asiyeelezwa hilo humhesabu mama anayechelewa kuwa mzembe.

Mambo mengine ni madogo, ila ndiyo yanayomfanya mtu arudi: ufunguo wa karakana, nafasi ya kuketi katika chumba cha walimu, mwaliko wa vikao vinavyoamua ratiba. Ratiba yenyewe ipangwe kwa mashauriano, kwani fundi wa Kanazi mwenye kibanja hawezi kuwa huru msimu wa kuvuna kahawa kama alivyo miezi mingine.

Mgogoro ukitokea, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): ndani ya siku 30 ukihusu kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Anayehesabiwa kuwa mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa za utumishi wa umma. Kwa sababu hiyo, mwalimu wa muda katika chuo cha Serikali anapaswa kujua mapema barua yake imetolewa na nani, na malipo yake yanatoka katika fungu lipi.